Usisubiri karatasi ya daktari ndo uanze kumsaidia mtoto

Mi nafundisha darasa la awali, shule ya msingi ya serikali mkoani Tanga, upande wa Muheza kule unapoanza kupandisha kwenda Amani. Sio mtaalamu wa elimu maalum, sikupita chuo cha Patandi, nina cheti changu cha ualimu cha kawaida na miaka mingi ya kukaa chini kwenye mkeka na watoto wa miaka minne na mitano. Nimeona niandike haya kwa sababu kila Januari napigiwa simu na walimu wadogo waliopangiwa awali, swali ni lile lile, "dada, nina mtoto darasani simuelewi, nifanyaje", na wazazi nao wananiuliza hivo hivo sokoni, kwenye daladala, hata msibani.

Jibu langu nalisema mapema kabisa. Kutaja jina la ugonjwa sio kazi ya mwalimu wala ya jirani. Kazi yetu ni kumuangalia mtoto vizuri, kuandika tunachokiona, kuongea na wazazi kwa heshima, na kuanza kumsaidia wiki hiyo hiyo kwa kile tulichonacho. Usisubiri karatasi. Kwa huku kwetu mtoto akianza safari ya kutafuta jibu anaanzia zahanati, anapelekwa kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa ya Bombo, na wakikwama Bombo ni KCMC Moshi au Muhimbili, na kila hatua ina nauli yake na siku yake ya kurudi, mama mwenyewe anauza maandazi asubuhi akikosa siku moja nyumbani hawali. Hiyo safari inaweza kula miezi mingi na darasa la awali kwetu ni mwaka mmoja tu. Ukisubiri majibu, mtoto anaingia la kwanza hajasaidiwa chochote, na kule la kwanza hamna mkeka wala nyimbo, kule ni KKK, kusoma kuandika kuhesabu, anaanza kuitwa mzito mpaka na yeye anaamini.

Majina yote humu nimebadilisha.

Nianze na masikio maana ndo kitu ninachokutana nacho kuliko vyote. Kulikuwa na mtoto nimuite Saidi, anaishi na bibi yake. Ukimwita haitiki, ukimtuma chaki analeta daftari, wakiimba yeye anaangalia midomo ya wenzake alafu anafuata nyuma kidogo, na akichoka kufuata anaanza kusukuma watu, kwa hiyo mtaani anajulikana kama mkorofi. Nilikuwa nafanya hivi, wakati wa michezo nasimama nyuma yake kama hatua moja, upande asioniona na kivuli changu hakimfikii, nanong'ona jina la kitu, "kuku", "sabuni", "ng'ombe", yeye aseme. Upande wa kulia alikuwa anasema vizuri, kushoto kimya kabisa. Nikainama kuangalia, sikio la kushoto lina usaha na harufu. Nikamfuata bibi nyumbani jioni, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, tukaongea habari za mihogo na mvua, ndo nikamwambia kuhusu sikio. Akanijibu, "Mwalimu, huyu sio kwamba hasikii, huyu ana kiburi cha babake." Sikubishana. Nikamwita Saidi, nikamwomba bibi amnong'oneze yeye mwenyewe kwa nyuma, kulia alafu kushoto. Alipofika kushoto mtoto hakugeuka. Bibi akarudia. Akaniangalia, akaniuliza hospitali wanafungua saa ngapi.

Sikio la kutoa usaha watu wanalichukulia kama mafua, kila masika linatoka, likikauka basi. Lakini likitoa usaha wiki mbili na zaidi hilo tayari ni sugu, ngoma ya sikio inaweza ikawa imetoboka, na mtoto anakosa maneno katika umri ambao maneno yanaingia kwa wingi. Zahanati walimfundisha bibi kulikausha kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa kama utambi, unaingiza taratibu, kikilowa unatoa unaweka kingine, mpaka kitoke kikavu, mara kadhaa kwa siku, pamoja na dawa waliyopewa. Sio mafuta ya moto, sio maji ya majani, nawaomba sana hapo. Mi upande wangu sikusubiri sikio lipone, nilimhamisha mkeka siku ile ile, akakaa mbele, sikio zima likielekea kwangu, na nikajizoesha kutoongea nikiwa nimegeukia ubao. Kusukuma wenzake kukapungua kabla hata dawa haijaisha.

Alafu kuna watoto ambao hawana shida yoyote na watu wanawaona wana shida. Huku kwetu mtoto anaweza kuwa amelelewa na bibi kijijini, nyumbani ni Kisambaa tupu, anakuja shule anakuta Kiswahili kuanzia salamu mpaka wimbo wa herufi. Anakaa kimya wiki nzima. Mwalimu mgeni aliyetoka mkoa mwingine anaandika "mtoto haongei". Mi kabla sijaandika chochote kuhusu kuongea naenda kuwatafuta wanaoongea naye kwao, namuuliza bibi au dada yake anayesoma la nne, je nyumbani anaongea, anasimulia, anagombana, anatukana? Kama anatukana kwa Kisambaa sentensi nzima basi huyo mtoto lugha anayo, mpe muda na rafiki wa kumtafsiria. Lakini kama hata kwa lugha ya nyumbani yuko kimya, hapo ndo naandika. Hili walimu wengi wanaliruka na linaumiza watoto pande zote mbili, wasio na shida wanapewa jina, na wenye shida wanaambiwa "atazoea tu Kiswahili".

Tukiwa hapo hapo kwenye kuongea, niseme kuhusu udata. Mtoto akichelewa kuongea, neno la kwanza unalosikia mtaani ni ana udata, ulimi umeshikwa chini, apelekwe akakatwe. Wapo kweli ambao ulimi umeshikwa na wakiangaliwa hospitali wanasaidiwa, lakini ulimi ulioshikwa unamfanya mtoto atamke vibaya baadhi ya sauti, haumfanyi asielewe ukimwambia lete kikombe. Zuhura alishakatwa udata kwa fundi, tena sio mara moja, na bado hakuna neno. Alipoletwa kwangu niliona mtoto mchangamfu mno, anacheza mdako vizuri, anachora watu wenye vidole vyote vitano wakati wenzake wanachora mviringo tu, anakumbuka nani amekaa wapi. Akili ipo. Siku moja sufuria la uji lilianguka nje, darasa zima likageuka, yeye akageuka baada ya kuona wenzake wamegeuka. Hapo nikajua cha kuandika.

Ilipokuja kupimwa kule mbele ikaonekana hasikii kabisa masikio yote mawili, na mama akakumbuka kwamba akiwa na miezi kama kumi hivi alilazwa muda mrefu na homa ya uti wa mgongo, na kabla ya hapo alikuwa ameshaanza kusema "mama" na "baba", baada ya hapo yakapotea. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba ile homa inaweza kuondoka na usikivu. Daktari akamweleza pia habari ya kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio, Muhimbili walianza upasuaji huo 2017, ila kinafaa zaidi mtoto akiwekewa mdogo, na gharama yake na mazoezi ya kuongea baada ya hapo sio mchezo. Zuhura alikuwa ameshapita miaka mitano. Mama alilia, nami nililia naye.

Baada ya kulia tulifanya kazi. Nina rafiki anafundisha viziwi Dar, akawa ananitumia video fupi za Lugha ya Alama ya Tanzania kwa watsapu, alama za vitu vya darasani kwanza, maji, choo, kaa, kula, mama, nyumbani, rafiki. Nikajifunza jioni, asubuhi nawafundisha darasa zima kama mchezo, sio Zuhura peke yake, darasa zima. Watoto wa miaka mitano wanashika alama haraka kuliko sisi watu wazima, ndani ya muhula walikuwa wanapiga soga na Zuhura kwa mikono huku mi sielewi wanachocheka. Mama nilimwambia aje akae darasani siku akiwa na nafasi, akaja, akajifunza "nimekumiss" na "njaa", akarudi nyumbani akamfundisha baba. Mwaka uliofuata Zuhura alienda shule ya viziwi ya bweni. Kumtoa mtoto wa umri ule nyumbani ni uamuzi mzito na mi sikumsukuma mama, nilimpa tu nauli nikamwambia nenda kaione kwanza, kaa nao siku nzima, waone watoto wakubwa wanavyoongea. Alirudi ameshaamua.

Kwa hiyo mtoto yeyote aliyewahi kuumwa uti wa mgongo, malaria kali ya kichwani, au aliyezaliwa akapata manjano kali, apelekwe kupimwa masikio hata kama anaonekana mzima. Na chanjo ya surua na rubella msiikimbie, Tanzania tunayo tangu 2014, inachomwa miezi tisa na tena miezi kumi na nane. Akina mama wengi wakishachoma ya miezi tisa wanaacha kliniki, kadi inabaki kabatini. Rubella ikimpata mama mwenye mimba inaweza kumpa mtoto uziwi na mtoto wa jicho tangu tumboni. Na ile safari ya miezi kumi na nane ndo nafasi nzuri ya kumuuliza nesi maswali, hajatembea mpaka sasa, hasemi neno hata moja, haonyeshi kitu kwa kidole, akiitwa jina hageuki. Akifika miaka miwili hajaunganisha hata maneno mawili, "mama njoo", uliza tena. Na kama alikuwa na maneno alafu yakapotea, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho.

Najua mtaani wanasema kila mtoto na wakati wake, mbona hata babake alichelewa. Ni kweli watoto wanatofautiana, mwingine anatembea miezi tisa mwingine kumi na sita na wote wazima. Lakini hayo maneno nimeyasikia kwenye nyumba nyingi ambazo baadae zililia. Kupimwa hakumuongezei mtoto tatizo. Akikutwa mzima mnarudi nyumbani mnakula.

Macho nitayapitia haraka. Mtoto anayesogeza kitabu mpaka puani, anayeinamisha kichwa upande kila akiangalia, anayejikwaa jioni, muweke mbele na umpeleke. Jicho likiwa na makengeza sio urembo wala "ataacha akikua", ubongo unaanza kulipuuza lile jicho na ukiachwa mpaka miaka saba nane kulirudisha inakuwa kazi ngumu. Na ukiona weupe ndani ya mboni, au ukimpiga picha kwa flashi ya simu jicho moja linatoka jeupe badala ya jekundu, hiyo ni dharura, usikae nayo hata wiki, inaweza kuwa mtoto wa jicho au uvimbe wa saratani, hospitali za CCBRT Dar na KCMC wanatibu macho ya watoto.

Ila hapo kwenye macho kuna watoto wenye ualbino, na hawa nataka nikae nao kidogo. Nimefundisha kadhaa. Wengi wana uoni hafifu, macho yanacheza cheza, mwanga unawaumiza, lakini hafifu sio kutoona. Wapo waliopelekwa shule za wasioona wakafundishwa nukta nundu kwa vidole wakati wana uwezo wa kusoma maandishi ya kawaida wakiruhusiwa kuyasogelea. Amina kwangu nilimweka mbele, dirisha likiwa nyuma yake sio mbele, nikawa naandika kwa makapeni nyeusi nene kwenye karatasi za kalenda kuukuu upande mweupe, herufi kubwa, na nikawaambia watoto wote kwamba Amina ana ruhusa ya kuinuka kwenda mpaka ubaoni kuangalia bila kuomba. Hilo la ruhusa ndo lilimbadilisha kuliko herufi. Kabla ya hapo alikuwa anakaa tu ananakili hewa. Kofia pana, mikono mirefu, michezo ya nje tunafanya mapema kabla jua halijawaka, na mafuta ya kuzuia jua, yapo ya Kilisun yanayotengenezwa pale KCMC Moshi, mzazi aulizie hospitali au chama cha watu wenye ualbino wa wilaya. Na kumsindikiza. Mtoto mwenye ualbino hatembei peke yake kwenda shule, hilo huku hatulijadili, tulipanga watoto wa la sita wanaopita njia ile.

Juma naye alikuwa wa aina nyingine. Anasoma vizuri, ghafla anakatika. Yaani yuko katikati ya kuhesabu moja mbili tatu, anasimama, macho yanabaki wazi, kope zinapepesa, sekunde chache tu, alafu anaendelea kana kwamba hakuna kitu, lakini amekosa tulichosema hapo katikati. Mwaka uliopita mtu alimwandika "hasikilizi". Mi nikaanza kuandika kwenye daftari kila ninapoona, saa, alikuwa anafanya nini, alishtuka nikimgusa au la. Hakushtuka. Mtoto anayewaza yake ukimgusa bega anarudi, huyu hakurudi mpaka imalizike yenyewe. Daftari lile mama alienda nalo hospitali, daktari akalisoma, akampa Juma kipande cha karatasi akamwambia apulize kwa nguvu mfululizo kwa muda, na pale pale mbele yake ikatokea. Ni kifafa, cha aina isiyoangusha. Huku kwetu kifafa watu wanajua ni kile cha kuanguka na povu, na wengi wanaamini ni jini au kinaambukiza, kwa hiyo mama aliogopa sana neno lenyewe. Akapewa dawa, na kwa aina hii watoto wengi wakitumia dawa vizuri inatulia. Bila lile daftari, hospitali angeonekana mtoto mzima tu aliyekaa kwenye benchi, maana mbele ya daktari ana dakika chache.

Hapo ndo nasisitiza daftari. Ni la kawaida la kurasa 40, mtoto mmoja kurasa zake mbili. Siandiki "mzito" wala "mtundu" wala "ana usonji" (autism). Naandika kilichotokea. "Amepewa vizibo vitano, amehesabu vitatu akaacha." "Ameitwa jina mara tatu akiwa amegeuka, hakugeuka." "Amecheza na Neema mchezo wa duka." Kitu kinachonisaidia kupanga macho yangu ni maswali yaliyotolewa na UNICEF na kundi la Washington, lile la takwimu za ulemavu, mwaka 2016, kwa watoto wa miaka miwili mpaka minne yanapita kwenye kuona, kusikia, kutembea, kushika vitu vidogo, kuelewa na kueleweka, kujifunza, kucheza, na kujizuia kupiga wenzake, na mara nyingi swali ni moja, ukimlinganisha na watoto wa umri wake, hana ugumu, ana ugumu kiasi, ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Yametengenezwa kumuuliza mama au mlezi, hivo nayauliza nyumbani, na hata kwa waliofika mitano bado yananikumbusha niangalie wapi. "Kwa umri wake" ndo roho ya maswali hayo. Mama mwenye mtoto wa kwanza hana wa kumlinganisha naye. Sisi tunao sabini kwenye mkeka mmoja, hakuna mtu kijijini anayeona watoto wengi wa umri mmoja kwa pamoja kama mwalimu wa awali, hata daktari hawaoni hivo.

Aliyenifundisha zaidi ni Baraka. Aliletwa na baba, jambo ambalo kwetu sio kawaida, mama ndo huleta. Baba akaniambia pale mlangoni, "mwalimu, huyu shule mbili binafsi zimemrudisha, na wewe ukimkataa niambie sasa hivi nisifungue begi." Nikamwambia baba Baraka, fungua begi. Sheria ya watu wenye ulemavu ya 2010 inampa mtoto haki ya kusoma shule ya kawaida kama wenzake, lakini nakiri sikumjibu kwa sababu ya sheria, nilimjibu kwa sababu ya jinsi alivyolishika lile begi.

Baraka hakuwa anaongea nasi, alikuwa anarudia maneno ya matangazo ya redio, yote, na namba ya simu mwishoni. Anapanga vizibo kwa mstari, ukisogeza kimoja anapiga kelele mpaka shule nzima inasikia. Kengele ikigongwa, kengele yetu ni rimu ya gari, anaziba masikio anakimbilia kwenye migomba. Chakula cha rangi nyeupe tu. Watu walisema mengi, kalogwa, mama alivuka kaburi akiwa mjamzito, kadekezwa. Mi sikuwa na jina na sikulitafuta kwanza. Niliangalia ni nini kinatangulia kelele. Wiki za mwanzo zilionyesha kwamba karibu kila mara ni mabadiliko ya ghafla au sauti. Basi nikaongea na mwalimu mkuu, mgonga kengele akawa ananitumia mtoto dakika moja kabla, namshika Baraka tunaenda upande wa pili wa jengo. Nikachora picha za siku yetu kwenye makaratasi, mkeka, wimbo, uji, kucheza, herufi, nyumbani, nikazibandika kwa mstari ukutani usawa wa macho yake, na kila kitu kikiisha yeye ndo anageuza picha. Alipenda hiyo kazi sana. Siku ambazo ratiba inabadilika, mgeni anakuja au mvua, nabadilisha picha kwanza mbele yake kabla ya kubadilisha kitu chenyewe. Kwenye kona niliweka gunia safi na vizibo vyake, akizidiwa anaenda mwenyewe, sio adhabu, hakuna anayemfuata. Na darasa zima likawa linafuata ratiba ya picha vizuri kuliko mimi nilivyokuwa nikipiga makofi.

Baraka hakupona, naandika hivi wazi kwa sababu wazazi wanauzwa dawa za kuponya usonji, maombi ya malipo, mizizi, lishe za bei mbaya, na hela zinaisha. Usonji hauponi. Mtoto ndo anakua, anajifunza, anapata njia ya kuomba anachotaka bila kupiga kelele, na akianza mapema anajifunza zaidi. Baraka alimaliza awali anaweza kunishika mkono kunipeleka kwenye ndoo ya maji na kusema "maji". Neno lake, sio la redio. Jina la usonji lilikuja kutoka hospitali wakati mwaka uko ukingoni, karatasi moja, na kila kilichoshauriwa mle kuhusu darasani tulikuwa tumeshaanza.

Kuongea na wazazi kuna namna zake. Simwambii mzazi getini mbele ya wengine, na sisemi kwa mtoto akiwa anasikia. Naanza na kitu mtoto anachokiweza, cha kweli, sio cha kubembeleza, alafu namuuliza yeye anaonaje nyumbani, na mara nyingi mama anatoa yote, alikuwa anasubiri mtu amuulize bila kumlaumu. Neno ulemavu silitaji. Na lazima uangalie nani anaamua kwenye ile nyumba. Unaweza kuelewana na mama vizuri kabisa kumbe anayetoa ruhusa ni bibi au shangazi, kama hujaongea naye barua ya rufaa itakaa juu ya kabati. Kama wana mganga wao sigombani na mganga, nasema endeleeni na yenu ila na hospitali twendeni. Na baba asiachwe nje, maana mzigo wa lawama wote anabebeshwa mama, mtoto wako, ukoo wenu, nimeona ndoa zimevunjika kwa hili na mama akabaki na mtoto peke yake.

Kuhusu hela, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ndo anaweza kukuandikia barua ya msamaha wa matibabu. Ukienda na daftari la mwalimu inasaidia. Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi na makuzi ya watoto wa miaka sifuri mpaka minane, ni jambo zuri, ila mi natamani kuwe na vituo vya kupima watoto karibu na watu na kila mzazi ajue mlango wa kugonga. Kenya wana vituo vyao vya kupima watoto kwa ajili ya shule tangu 1984. Sisi mzazi wa Muheza bado anauliza kwa majirani.

Vitu vya darasani vingi havina gharama. Mtoto ambaye mkono haushiki penseli vizuri, zungushia penseli kipande cha tyubu ya baiskeli, inanenepa haiterezi. Anayeyumba akikaa, muegemeze kwenye kona ya kuta mbili na mto wa matambara. Asiyetulia mpe kazi ya miguu, kugawa vizibo, kufuta ubao, kupeleka rejista ofisini, na maelekezo moja moja, sio matatu kwa pamoja. Na kila mmoja awe na rafiki wa zamu, wabadilishane kila wiki ili isiwe mzigo wa mtoto mmoja.

Desemba ndo mwezi wa hatari. Mtoto anahama kwenda la kwanza, mwalimu mpya hajui kitu, na mwalimu wa awali naye anaweza kuhamishwa. Mi nakaa na mwalimu wa la kwanza kabla ya kufunga shule, tunafungua daftari mtoto kwa mtoto, huyu sikio la kushoto, huyu asikae karibu na dirisha, huyu dawa saa mbili asubuhi, huyu mwambie kabla ya kengele. Nakala moja inabaki kwa mwalimu mkuu, moja anaondoka nayo mzazi. Nilimwomba mwalimu wa Baraka aje kukaa kwenye mkeka wangu asubuhi kadhaa Novemba ili Baraka amzoee, akakubali, na zile picha za ratiba tulizibandua pamoja tukaenda kuzibandika ukuta wa la kwanza kabla shule haijafunguliwa. Walimu wa awali mnaosoma hii, hilo la kumleta mwenzako darasani kwako Novemba liombeni kwa mwalimu mkuu mapema, mkisubiri wiki ya kufunga hamtapata nafasi.